Karibu na Futa: Lugha ya Mapokezi katika Wikipedia ya Kiswahili

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na mara mojamoja lugha ya magazeti. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wetu huisoma pengine kuliko kitabu chochote tunachowaagiza, aghalabu hutajwa darasani kwa onyo tu, kwamba isitumiwe kama marejeo. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa jicho la mhakiki wa lugha, na hasa kutazama upande wake mmoja: maneno anayokutana nayo mtu ajaye kuandika kwa mara ya kwanza. Tunadai kwamba mgeni huyo hufanyiwa ukarimu mahali ambapo ukarimu ni rahisi, yaani katika salamu, na hunyimwa mahali anapouhitaji, yaani katika jibu la maandishi yake ya kwanza. Tunadai pia kwamba sehemu kubwa ya kasoro hii ni kasoro ya lugha, na kwa hiyo ni kazi yetu.

Kwa msomaji asiyeijua sana kazi yenyewe, yatosha kusema haya. Wikipedia ilianzishwa kwa Kiingereza mwezi wa Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003, ikijiita kamusi elezo huru. Yeyote aweza kuandika au kurekebisha makala bila kulipwa na bila kuomba ruhusa. Baadhi ya watu hao wa kujitolea hupewa na wenzao madaraka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu, nao huitwa wakabidhi. Makala ya Kiswahili yamepita 70,000, ilhali yale ya Kiingereza yamepita milioni sita. Tofauti hiyo haielezwi na idadi ya wasemaji peke yake. Inaelezwa pia na idadi ya watu waliojaribu mara moja wasirudi tena.

Tutachukua mfano wetu kutoka Embu, chini ya Mlima Kenya upande wa kusini-mashariki, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya mama. Kule Kiembu na Kimbeere ndizo lugha za nyumbani. Kiswahili ni cha shule, cha soko na cha ofisi, na mji wa Embu ulikuwa na ofisi nyingi, maana ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Kaunti ya Embu ilihesabiwa watu 608,599 katika sensa ya 2019. Chuo Kikuu cha Embu, kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipata hati yake mwaka 2016. Hapo basi pana vijana waliosoma Kiswahili kwa miaka kumi na miwili kabla ya kufika chuoni, wenye simu mkononi, na wenye mambo ya kwao ambayo hayajaandikwa kwa Kiswahili.

Tuseme mmoja wao, msichana wa mwaka wa pili, anataka kuandika juu ya kichaka kitakatifu cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ambacho masimulizi ya Waembu hukitaja kuwa chimbuko lao. Anajiandikisha. Katika ukurasa wake wa majadiliano anawekewa kigezo cha karibu, salamu ndefu yenye adabu, inayomwelekeza kwenye kurasa za msaada. Salamu hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Ni kigezo kinachobandikwa kwa kila mgeni, na yeyote aliyewahi kupokea barua ya ofisi iliyopigwa chapa kwa wote anaijua ladha yake. Hata hivyo haina ubaya. Anaandika aya tatu kama alivyozisikia kwa bibi yake. Kesho yake anakuta juu ya makala yake neno moja: futa.

Tusimame kwenye neno hili. Futa ni tendo katika hali ya kuamuru, lisilotaja mtendwa wala sababu. Anayeamriwa si mwandishi bali mkabidhi. Ni wakubwa wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa cha mgeni, naye anasikia. Kitenzi chenyewe ni cha ubao na chaki: kinachofutwa hakiachi alama, na aliyekiandika harudishiwi kitu. Mwalimu wa insha, hata awe mkali namna gani, haandiki futa pambizoni mwa daftari. Huandika rudia, au eleza zaidi, au nani kasema? Maneno hayo matatu ni makali, lakini yote yana mtu ndani yake, na kila moja linamwachia mwanafunzi la kufanya. Maelezo ya sababu huenda yakawekwa mahali pengine, katika orodha ya makala yanayojadiliwa kwa ufutaji, lakini mgeni hajui kwamba mahali hapo papo.

Linganisha na neno mbegu. Makala mafupi mno, ya sentensi mbili tatu, Wikipedia ya Kiingereza huyaita kwa neno lenye maana ya kisiki, au kipande kilichobaki baada ya kukata. Waanzilishi wa Wikipedia ya Kiswahili hawakulitafsiri neno hilo. Waliandika kwamba makala hayo bado ni mbegu, na wakamwalika msomaji ayaongezee. Hapana budi kulisifu chaguo hili. Neno la Kiingereza linatazama nyuma, kwenye mti uliokwisha kuangushwa. Neno la Kiswahili linatazama mbele, na kwa mkulima wa Embu, anayejua kwamba mbegu isiyopaliliwa hugeuka chakula cha ndege, linabeba hata onyo. Kama watu hao hao waliweza kuligeuza jina la kasoro likawa mwaliko, basi lugha ya ufutaji haikukosa uwezo. Imekosa kushughulikiwa.

Neno la tatu ni mkabidhi. Kukabidhi ni kumpa mtu kitu akitunze. Kwa kanuni za uundaji wa maneno, mkabidhi angekuwa yule anayetoa amana, na anayeipokea angekuwa mkabidhiwa. Lakini matumizi yamekwisha kulipa neno maana ya mdhamini, mtunzaji wa mali ya wengine, nasi hatuna ugomvi na matumizi. La kuzingatia ni kwamba neno hili, katika Kiswahili cha zamani, lina pia harufu ya mkono mzito, ya mtu asiyeachia kitu kwa urahisi. Maana zote mbili ziko kazini. Mkabidhi wa Wikipedia ni mtunzaji mwaminifu, na mara nyingine ni bahili, na mgeni hawezi kujua amekutana na yupi.

Lakini linalomkwaza mgeni zaidi, kwa maoni yetu, ni neno chanzo. Tuseme msichana wetu hakukata tamaa, akauliza kwa nini, akajibiwa kwamba makala yake hayana vyanzo. Anarudi kwenye ukurasa, na juu yake anaona vitufe viwili: hariri, na hariri chanzo. Kwa akili ya kawaida anabonyeza cha pili, kwani si ameambiwa arekebishe vyanzo? Anajikuta mbele ya mabano, nyota na alama za hesabu. Kumbe chanzo cha kitufe ni maandishi ya kimtambo yaliyo nyuma ya ukurasa, na vyanzo alivyoagizwa ni vitabu vya kutajwa kama ushahidi. Isitoshe, vitabu hivyo, akivipata, atakuta makala mengine yanaviweka chini ya kichwa cha Tanbihi na mengine chini ya Marejeo. Istilahi moja imebebeshwa dhana mbili, na dhana moja imegawiwa istilahi mbili. Kama kosa hili lingekuwa katika kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, wanaistilahi wetu wangalikwisha kuliandikia makala. Lipo mahali linaposomwa na maelfu, nasi tumenyamaza.

Yafaa sasa kuwatendea haki wakabidhi, maana ni rahisi kuwalaumu watu wanaofanya kazi ya bure usiku baada ya kazi ya mshahara. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, likawalenga hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na likaendelea hadi mwanzo wa 2010. Zawadi zilikuwapo. Makala yaliingia kwa mamia, mengi yakiwa yametafsiriwa kutoka Kiingereza, na mengine yametafsiriwa na mtambo kisha yakaachwa kama yalivyotoka. Shindano lilipokwisha, walio wengi katika washindani hawakuonekana tena. Waliobaki na kazi ya kunyoosha sentensi zisizo na upatanisho wa kisarufi, za watu wasioweza kuulizwa, ni wale wachache waliokuwapo kabla ya shindano. Mtu aliyepitia mavuno ya namna hiyo ana haki ya kumtazama mgeni wa pili kwa tahadhari. Wageni wa 2009 waliitwa kwa tarumbeta, wakapewa jembe siku ya kwanza, na hakuna aliyewaonyesha mpaka wa shamba. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Siku hizo mbili hazikuwa za mapumziko tu. Zilikuwa za kutazama wenyeji wanavyolima.

Ukali huu haukuanzia kwetu. Idadi ya waandishi hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele chake mwaka 2007 kisha ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba kanuni na mitambo iliyotengenezwa kuwazuia waharibifu iliwafukuza pia wageni wenye nia njema, ambao kazi yao ya kwanza ilifutwa upesi na bila mazungumzo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wikipedia hiyo ilikuwa na mwongozo wa siku nyingi unaowaomba wenyeji wasiwang'ate wageni. Picha hiyo ya kung'ata itamchekesha Mkenya. Katika mageti ya mji wa Embu, kama katika miji yetu yote, pameandikwa kwa rangi nyekundu MBWA KALI, na sisi walimu hupita tukilalamikia upatanisho, kwamba ingefaa kuwa mbwa mkali. Tukiwa kwenye sarufi tunasahau kwamba bango lile, pamoja na kosa lake, linamwambia mgeni ukweli kabla hajaingia. Wikipedia imeandika karibu getini na kumfuga mbwa uani.

Kenya iliwahi kuumwa na mbwa huyo hadharani. Mwezi wa Machi 2010, kundi la Just A Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, na mhusika wake, Makmende, akawa gumzo la nchi nzima kwa wiki kadhaa. Vijana walijaribu kumwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza, na zaidi ya mara moja yakafutwa na watu waliodhani ni upuuzi au uharibifu, kwa kuwa wao walikuwa hawajapata kumsikia. Mwishowe makala yalikubaliwa, baada ya vyombo vya habari vya nje kumtaja. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu ya kanuni iliyo chini yake: kisichojulikana na mwenye kufuta huhesabiwa kuwa hakipo. Wikipedia ya Kiswahili haina budi kujiuliza kama haifanyi vivyo hivyo kwa Embu.

Turudi kwenye kichaka cha Mwenendega. Kanuni inasema habari isiyochapishwa mahali pa kuaminika isiingie. Wapo wanaoidharau kanuni hii kuwa ni ya Kizungu, isiyojua simulizi. Hatukubaliani nao. Bila ushahidi wa maandishi, mji wenye koo mbili zinazogombea ardhi utaandika historia mbili, na kila moja itamtaja babu. Ama kuhusu majaribio ya kunukuu sauti zilizorekodiwa badala ya vitabu, kama yale yaliyoonyeshwa mwaka 2011 na Achal Prabhala na wenzake katika filamu yao juu ya India na Afrika Kusini, tunayaona kuwa ya maana sana, lakini bado hayajakubalika kwa upana.

Hata hivyo, Embu si mahali pasipo na maandishi. H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, akayachapisha kwa East African Literature Bureau katika vitabu viwili, The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973 na Embu Historical Texts mwaka 1974. Cha pili hasa ni sauti za wazee wenyewe zilizotiwa kwenye karatasi. Ni vitabu vya miaka hamsini iliyopita, vya kutafutwa maktabani. Sasa tazama. Msichana wetu alihitaji jibu moja tu: mtazame Mwaniki, kisha urudi. Sentensi hiyo ingemgeuza mgeni kuwa mtafiti, ingeyaokoa makala, na ingetii kanuni yote bila kuipinda. Mkabidhi aliye Dar es Salaam au Ulaya hawezi kuitamka, si kwa ukatili, bali kwa kutomjua Mwaniki. Anayeweza kuitamka ni mhadhiri wa Embu, wa Chuka au wa Nairobi, naye hayumo. Ukimya wetu, tunaojua kitabu kipo rafu ya ngapi, una sehemu kubwa katika ufutaji ule kuliko mkono uliobonyeza.

Limebaki jambo la Kiswahili chenyewe, nalo litawagusa wasomaji wa jarida hili kwa njia tofauti kulingana na upande wa mpaka waliko. Kijana wa Embu amefundishwa kusema shule ya upili, rununu na wadi. Mwenzake wa Morogoro husema shule ya sekondari, simu ya mkononi na kata. Katika Wikipedia ya Kiswahili wadi za Kenya hutajwa kama kata, na mgeni anayeandika wadi, kama mwananchi anayeipigia kura wadi hiyo, huenda akakuta mwandishi mwingine amemsahihisha. Hajakosea. Wikipedia ya Kiingereza, kwa ukali wake wote, iliamua zamani kwamba makala juu ya Uingereza yafuate tahajia ya Uingereza na ya Marekani ifuate ya Marekani, na kwamba mtu asibadilishe moja kuwa nyingine kwa kupenda kwake tu. Kiswahili, chenye Kamati ya Lugha iliyoanza kusanifisha mwaka 1930, kina usanifu wa kutosha kuweza kuvumilia maneno mawili kwa kitu kimoja. Tunapendekeza makala juu ya Embu yaseme wadi, na ya Morogoro yaseme kata, na atakayebadilisha aeleze kwa nini.

Makosa ya lugha ya mama ni jambo jingine, yasichanganywe na hili. Kiembu, kama Kikuyu, hakitofautishi l na r, na kosa la namna hiyo litaonekana katika aya ya kwanza ya wengi wa wageni wetu. Linarekebishwa kwa dakika moja. Mwenye kurekebisha akiandika katika muhtasari wa badiliko lake kwamba amesahihisha tahajia na kwamba habari ni nzuri, amefundisha na amekaribisha kwa pigo moja. Akifuta ukurasa mzima kwa ajili ya herufi hizo, amemfukuza mtu ambaye Kiswahili chake kingenyooka ndani ya mwezi. Makala yaliyotolewa na mtambo wa kutafsiri ni ugonjwa wa aina nyingine kabisa, na hayo yafutwe. Upatanisho wake hukosewa bila mpango, ilhali kosa la Mwembu lina kanuni, na mwanaisimu aliyezoea anayatambua mawili hayo kwa kuyatazama tu.

Wikimedia Foundation yenyewe, tangu mwaka 2018, imekuwa ikitengeneza ukurasa wa kuanzia kwa wageni, ambao humpa mgeni kazi ndogondogo, kama kuunganisha neno na makala yake, na humpangia mwenyeji wa kumwuliza maswali. Kwa Kiswahili mwenyeji huyo twaweza kumwita mlezi. Chombo ni kizuri, ila kinadhani kwamba walezi wapo. Idara moja ya Kiswahili ikitoa walezi wawili, kwa mwaka mmoja wa masomo, itakuwa imefanya kazi ambayo shindano la zawadi halikuweza kuifanya; na insha za mwaka wa pili, ambazo sasa husahihishwa kisha hurudi kufungiwa maandazi sokoni, zingeweza kupitia mikononi mwao kabla ya kuwekwa hadharani.

Kwa upande wa maneno, tunapendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji fedha wala fundi kutoka nje. Kitufe cha kimtambo kiitwe hariri msimbo, ili vyanzo vibaki kuwa vitabu tu. Na kigezo cha futa, pale ambapo hakuna matusi, wizi wa maandishi wala tafsiri ya mtambo, kiondolewe, na badala yake makala yawekewe maneno ya namna hii: Mwandishi, habari hii haijatajiwa kitabu. Nani kasema? Ukijua, andika hapa chini. Usipojua, uliza katika ukurasa wa majadiliano, nasi tutatafuta pamoja hadi mwisho wa mwezi.